Anataka nitie sahihi ili ploti yetu iwe dhamana ya Safari Rally

Shangazi,

Nakuandikia kutoka Nakuru. Ni saa tano usiku, watoto wamelala, na baba yao bado yuko gereji.

Nimeolewa miaka kumi na miwili. Mume wangu ni fundi wa magari, na msimu wa mashindano ukifika anakuwa dereva wa mbio za magari. Mwelekezi wake, yule anayeketi pembeni akimsomea njia, ni mdogo wake, shemeji yangu. Mimi ndiye ninayeshika daftari la timu. Naandika risiti na kuwapikia mafundi, na siku ya mashindano nasimama pale gari linapotengenezwa nikiwa na saa mkononi, nikiwahesabia dakika zilizobaki. Kwa hivyo tafadhali usinihesabu miongoni mwa wanawake wanaochukia mbio. Mara ya kwanza kumwona akipita Elmenteita, vumbi limemfunika hadi paa, nililia kwa furaha mbele ya watu.

Gari letu ni Subaru Impreza ya zamani. Aliinunua ikiwa bodi tupu, akaijenga kipande kwa kipande kwa miaka mitatu. Giaboksi ya akiba iko hapa sebuleni nyuma ya mlango, imefungwa kwa blanketi la mtoto wetu wa pili.

Mwaka jana tuliingia raundi nne. Nikijumlisha ada za kujiandikisha, tairi, petroli, spea, usafiri na malazi ya vijana, tulitumia shilingi 2,460,000. Wadhamini walitupa 380,000. Zawadi zote za mwaka zilikuwa 60,000. Pengo la 2,020,000 tuliliziba hivi: gereji ilitoa 1,200,000, Sacco ikatukopesha 520,000, na chama changu cha akina mama 300,000. Bado tunalipa. Kuna mdhamini mwingine aliyetuahidi laki tatu kwa mdomo na kwa jumbe za simu. Tulibandika stika zake milangoni raundi tatu. Pesa hazikuja, na siku hizi simu zangu hashiki.

Gereji nayo imeanza kulegea. Wiki iliyopita mteja alikuta Probox yake ipo vilevile alivyoiacha siku nane nyuma, boneti juu, kwa sababu jeki na mafundi walikuwa kwenye Subaru. Aliivuta akaondoka nayo bila kugombana, na ule ukimya wake uliniuma kuliko matusi. Vijana wetu wawili wa gereji hawajalipwa miezi miwili. Kila mmoja anadai 56,000.

Sasa mume wangu anataka kuingia Safari Rally. Anasema tukimaliza Safari, wadhamini watatufuata wenyewe. Benki iko tayari kutoa 1,800,000 kwa hati ya ploti yetu ya Bahati, ambayo ndiyo tunayoishi. Wanataka sahihi yangu. Kila nikisita ananitajia Niki Lauda, yule dereva wa Formula One, kwamba alikopa benki akaja kuwa bingwa wa dunia. Mama mkwe amenipigia akaniambia nikikataa nitakuwa nimemkata mwanawe mbawa.

Kuna jambo la mwisho ambalo sijamwambia mtu. Mikanda ya usalama ya gari muda wake umeisha, na mipya ni ghali. Nilimsikia kwenye simu akiuliza kama kuna mtu wa kumwazima mikanda ya kupitia ukaguzi tu, halafu amrudishie na kufunga ile ya zamani.

Shangazi, nampenda huyu mtu. Nitie sahihi au nisitie?

Mke wa Dereva, Nakuru


Mwanangu,

Usitie.

Nimeanza na hilo kwa sababu huenda kesho asubuhi utawekewa kalamu mezani kabla hujafika mwisho wa barua hii. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila mwenzi kutia sahihi au kuridhia. Benki haikuulizi kwa heshima tu. Kabla ya ulinzi huo, wanawake wengi waliijua siri ya mkopo siku dalali alipogonga lango. Wewe umeulizwa mapema, na mtu anayeulizwa ana haki ya kusema hapana. Hilo si kumsaliti mumeo.

Nimepiga hesabu za daftari lako mara mbili. Raundi nne kwa 2,460,000 ni 615,000 kila raundi. Wadhamini na zawadi walirudisha 110,000 kila raundi. Maana yake ni kwamba kila gari likisimama kwenye mstari wa kuanzia, nyumba yenu imeshapoteza 505,000, liwe limemaliza au limepinduka. Mwonyeshe namba hiyo moja. Usimsomee daftari zima, atasikia lawama. Iandike kwenye karatasi, 505,000, umwachie.

Sasa yeye anataka kuweka 1,800,000 juu ya hapo, tena kwa Safari, mashindano ambayo hata matajiri huyaogopa. Mnaujua ule udongo wa Kedong kwenye njia ya Safari, laini kama unga wa ngano, unaoingia kila tundu la injini. Mnayajua na mawe yaliyojificha chini yake. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka siku ya mwisho akiwa anaongoza. Kwenye mkondo wa Loldia, kimojawapo cha vipande vya njia vinavyopimwa muda, gari likavunjika nyuma, na mashindano yakamwishia hapo. Lilikuwa gari la kiwanda, lenye wahandisi na malori ya spea. Hyundai walipanga raundi iliyofuata. Ninyi likiwapata hilo, mtarudi Bahati kusubiri barua ya benki.

Na hata mkimaliza? Hii hoja ya wadhamini kuja wenyewe ndiyo inayoua timu ndogo, kuanzia kwetu hadi kwenye Formula One. Mwaka 2016 kulikuwa na timu ndogo Uingereza ikiitwa Manor. Kijana wao Pascal Wehrlein alimaliza wa kumi Austria, akawaletea pointi moja, na kwa pointi hiyo wakakaa nafasi ya kumi kati ya timu kumi na moja. Nafasi ya kumi ilikuwa na thamani ya mamilioni, kwa kuwa timu kumi za kwanza ndizo zilizogawana fungu kuu la zawadi. Zikiwa zimebaki mbio mbili, mvua ikanyesha Brazil na Felipe Nasr wa timu pinzani ya Sauber akamaliza wa tisa. Pointi mbili. Sauber wakapanda, Manor wakashuka. Januari 2017 Manor wakawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na zaidi ya watu 200 wakapoteza kazi. Mafundi wale hawakukosea kitu siku ile ya Brazil. Kosa lilitangulia, pale uhai wa timu ulipotegemea pesa ambazo zilikuwa hazijaingia mfukoni.

Kuhusu Lauda, mumeo hasemi uongo. Alikopa benki kweli, akanunua nafasi katika timu ya March kwa msimu wa 1972. Lakini mwambie akisimulie kisa chote. Dhamana ya mkopo ule ilikuwa bima ya maisha yake mwenyewe. Hakuwa na mke wala watoto, alioa 1976. Na msimu huo wa 1972 hakupata hata pointi moja ya Formula One, akabaki na deni na aibu. Bahati yake ilikuja baadaye, Ferrari walipomchukua kwa msimu wa 1974. Tunamjua Lauda kwa sababu alifaulu. Waliokopa kama yeye wakaanguka walikuwa wengi, na hakuna anayewataja mezani wakati wa kuomba sahihi.

Kama mumeo anataka mfano, mpe wa hapa nyumbani. Joginder Singh alizaliwa Kericho na alikuwa fundi wa magari, kama yeye. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant kiti cha pembeni, kama vile mumeo na shemeji yako. Walishinda kwa Volvo PV544 iliyotumika, iliyokuwa imekimbia Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa timu ya kiwanda. Waliinunua, wakaikarabati kwa mikono yao. Alikuja kushinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Namtaja kwa sababu ya lile gari kuukuu. Ndugu wale wawili walichukua kilichokuwa ndani ya uwezo wao wakakiandaa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, na mumeo anaijua kazi hiyo. Mtu aliyeijenga Impreza kutoka bodi tupu ana mikono.

Sasa nikuulize, mdhamini mkuu wa timu yenu ni nani? Daftari lako limeshajibu. Ni gereji. Ilitoa 1,200,000, zaidi ya mara tatu ya wadhamini wote wengine. Ile Probox iliyoondoka kimya ni mdhamini aliyekimbia. Mkimpoteza mteja wa namna ile kila wiki, mwakani hata ukitia sahihi mara kumi hakutakuwa na pesa ya kulipia mkopo. Kwa hivyo gari la mteja lipande jeki kwanza. Subaru ipewe siku yake, Jumapili mchana au jioni baada ya kufunga kazi. Fungueni namba mbili za malipo, ya gereji na ya timu, na kila mwisho wa mwezi gereji iipe timu kiasi kimoja mlichokubaliana. Kikiisha, kimeisha, hata kama kumebaki siku tatu kabla ya mashindano. Najua siku hiyo itawauma sana.

Mwaka huu ingieni raundi moja, au mbili ikibidi, zilizo karibu na nyumbani ili msilipie malazi. Au mshuke kwenye otokrosi, ambako uwanja ni mfupi, gari haliumii kiasi hicho, na jioni mnalala kwenu. Dereva aliyezoea raundi za taifa ataona ameshushwa hadhi. Mwache anune wiki moja.

Safari yenyewe, mwanangu, nendeni. Nendeni kufanya kazi. Wiki ile Naivasha inajaa timu, nyingine zimetoka mbali na watu wachache. Zinahitaji mafundi wanaojua mawe ya huku, pikapu ya kubeba spea, mtu wa kuunganisha chuma saa nane usiku. Zinahitaji pia chakula cha moto, na wewe umekuwa ukiwapikia mafundi bure miaka yote hii. Anzeni kupiga simu sasa, miezi kabla, mtaje bei zenu bila haya. Kwa mara ya kwanza mtarudi kutoka Safari na pesa. Na mumeo ataingia kwenye mahema ya timu zenye uwezo, aone wanavyopanga tairi na wanavyokataa kutumia spea ovyo. Itamuuma kusimama nje ya kamba akiona wengine wakiondoka mstarini. Usimwambie haiumi. Simama naye.

Yule mdhamini wa laki tatu, usimwache hivi hivi. Kusanya jumbe zake za simu, picha za gari zenye stika milangoni na tarehe za raundi tatu. Mwandikie barua ya madai yenye siku ya mwisho. Akinyamaza, iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, maadamu mna ushahidi. Kuanzia sasa stika isiguse gari kabla nusu ya pesa haijaingia na karatasi haijatiwa sahihi. Tafuteni pia wadhamini wadogo wa karibu: duka la vifaa vya ujenzi, agroveti, muuza tairi. Mwenye agroveti hana haja ya kuonekana duniani kote. Anataka gari lisimame mbele ya duka lake siku ya soko, watoto wapige picha ndani, na jina lake litajwe kwenye video mnazoweka mtandaoni. Hicho mnaweza kumpa kila mwezi, hata msipokimbia.

Hapo kwenye mikanda nilisimama kusoma, nikatoka nje kidogo.

Mikanda ya mbio hupewa tarehe ya mwisho kwa sababu utepe wake huchoka kwa jua, jasho na mivutano, hata ukionekana mzima kwa macho. Mkaguzi anayekataa mkanda uliopitwa na tarehe anamlinda mtu aliye ndani ya gari. Kumwonyesha mkanda wa kuazima kisha kufunga ule wa zamani ni kumdanganya mtu pekee siku hiyo ambaye kazi yake ni kumrudisha mumeo nyumbani akiwa hai. Na kuna kiti cha pili. Shemeji yako ataketi pale kichwa kimeinama kwenye daftari la njia, akiamini mkanda ulio kifuani mwake ndio uliokaguliwa. Je, ameambiwa? Hili usilisubirishe. Mwambie mumeo umesikia, na mwambie mbele ya ndugu yake. Kama hakuna pesa ya mikanda, hakuna mashindano. Hapo sina ushauri mwingine wa kukupa.

Mama mkwe asijibiwe na wewe. Mumeo ndiye aende kwa mamake, na aende na karatasi ile ya 505,000. Anaona mtoto wake ananyimwa furaha, na hajui kwamba kuna Sacco, chama na vijana wawili wanaodai. Akijua kuwa paa la wajukuu wake ndilo linalotakiwa na benki, nadhani atazungumza kwa sauti nyingine. Kama hatabadilika, basi, sahihi ni yako na si yake.

Utamwambiaje mumeo? Chagua jioni ambayo hakuna mgeni na gari halijavunjika. Anza na Elmenteita. Mwambie ulivyolia ile siku ya kwanza, kwa sababu ninahisi hajawahi kuambiwa. Halafu mwambie: sitatia sahihi kwenye ploti, na sitaacha kushika saa. Ayasikie yote mawili usiku huohuo. Huenda akatoka akaenda gereji bila kukujibu. Mwache aende, ana mahali pa kuwekea mikono yake.

Na lile deni la vijana lisingoje mazungumzo hayo yaishe. Ni 112,000 kwa wote wawili, na wana kodi ya nyumba kama ninyi. Kama timu inaingia raundi moja au mbili mwaka huu, giaboksi ya pili haina kazi ya haraka. Lifungue lile blanketi, mpige picha, muitangaze kwa madereva wenzenu wenye Impreza. Ikipata mnunuzi, pesa zipite kwa vijana kwanza, kabla ya tairi na kabla ya petroli. Mkiweza kabla ya Jumamosi, itakuwa vizuri zaidi. Na mtoto arudishiwe blanketi lake.

Shangazi